Sauti Inasema, Mdomo Umefungwa

Haya alinisimulia Swaumu wa Lionja, mwaka ule mvua zilipokata mapema, tukipepeta ufuta uani kwake. Yeye alikuwepo, ameketi bega kwa bega na Mwanaheri. Nayafikisha kama nilivyoyapokea. Chumvi ni yake, ungo ni wangu.

Juma lililopita, wasomaji wangu, tuliachana kiwanja cha Nachingwea kimefurika. Zile karanga za Wazungu zimekwisha kushindwa, matrekta yanaota kutu, lakini picha bado zinaonyeshwa. Magharibi imeswaliwa. Gari la sinema limesimama, shuka jeupe limetundikwa, na wasemaji watatu, wale ambao kazi yao ni kuzipa picha za Kizungu maneno ya Kiswahili, wameketi chini mbele ya watu wote. Kaimu, Yunusi na Saturnini. Midomo wameifunga. Mgomo!

Wamekula yamini. Hasemi mtu mpaka Bwana Picha, mkubwa wa gari la sinema, aahidi kwamba ile mashine mpya ya kunasa sauti, iliyoletwa na mgeni wa Dar, haitawanyang'anya kazi.

Picha ikawaka. Kimya. Watu wakaanza kupiga miluzi.

Ndipo kipaza sauti kikakohoa, kikasema, "Mabibi na mabwana, hamjambo!"

Na sauti ile ilikuwa ya Kaimu.

Kaimu mwenyewe ameketi palepale, mdomo umefungwa kama mlango wa ghala.

Mwanaheri, mkewe, akamtazama midomo. Akaitazama tena. Haikutikisika hata kidogo.

"Mwe!" Swaumu akamshika mkono. "Mama Zaitun, mumeo anasemea tumboni?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi ng'o! Mtu kafunga mdomo na anaongea! Hata bibi yangu aliyekuwa mganga hakufika huko."

Upande wa wanaume pakachafuka. Mmoja akapiga kelele, "Uchawi!" Mwingine akasema, "Wamemtoa roho, wameitia kwenye bati!" Akina mama wa Nambilanje, waliotembea tangu asubuhi kuja kuona picha, wakaanza kukusanya watoto na makopo yao.

Kaimu akaruka juu, kajishika koo.

"Nimeibiwa!" akalia. "Jamani, nimeibiwa sauti! Mnaniona? Nimefunga mdomo! Ile mashine imeniibia!"

Huruma ikamwagika kiwanja kizima. "Maskini Kaimu!" "Wazungu hawana haya, mpaka sauti ya mtu!" Mzee Shaibu, mkubwa wa wazee wa mji, akavua kofia akashika kichwa.

Mwanaheri machozi yakamlengalenga. Mume wake kaibiwa. Alikuwa amekwisha inuka amfuate, amshike mkono mbele ya watu, liwalo na liwe.

Kwenye shuka, mkulima mvivu akajinyoosha chini ya mti, jembe liko pembeni. Kipaza sauti kikasema kwa sauti ya kikongwe, "Wewe mwanamume, jembe lako linalala kuliko wewe!"

Watu wakasahau uchawi, wakaangua kicheko.

Mwanaheri hakucheka. Akaketi chini, tena akaketi kwa kishindo.

Maneno yale yalikuwa yake.

Msishangae. Nachingwea nzima ilijua kwamba Kaimu ana mdomo wa asali. Asali yenyewe ilitoka kwa nyuki gani, walijua wachache: Yunusi, kaka yake Mwanaheri wa tumbo moja, na Saturnini, basi. Mwanaheri ndiye aliyekuwa mtunzi. Kaimu huiona picha mchana, humweleza mkewe nani anaingia na nani anatoka, na mkewe, huku anatwanga mihogo, humpa maneno. Jioni Kaimu huyasema. Ndivyo walivyoishi, na yeye Mwanaheri hakuona ubaya. Mume na mke ni chungu na kifuniko.

Alhamisi ya juma lile Kaimu alimjia pale kinuni.

"Mama Zaitun, kuna picha mpya ya mkulima mvivu. Dereva wa gari kanieleza yote. Nitungie, tuweke akiba. Mgomo ukiisha tusihangaike."

"Si tumegoma?"

"Tumegoma kusema. Kutunga hatukugoma."

Akatunga. Tena siku ile alitunga vizuri mno, mpaka mwenyewe akacheka na mchi wake mkononi.

Sasa akaisikiliza sauti kwa masikio mengine. Mvivu akipiga miayo kwenye shuka, sauti inapiga miayo. Jembe likianguka, sauti inasema puu! Haiwahi, haichelewi. Mtu anaweza kuibiwa kuku, ndiyo, lakini nani aliyewahi kuibiwa kuku aliyechinjwa, akapikwa, akapakuliwa na mchuzi? Sauti hii haikuibiwa. Sauti hii ilikwenda kwa miguu yake, ikaketi, ikaitazama picha, ikafanya kazi.

Kisha likaja la kumaliza. Kwenye shuka akatokea mzee mwenye bakora. Hapo siku zote husema Yunusi, maana Yunusi ana sauti nzito ya wazee. Kipaza sauti kikatoa sauti nzito ya Yunusi! Akapita mlevi. Sehemu ya Saturnini hiyo. Kipaza sauti kikatoa sauti ya Saturnini, na kwikwi zake zote.

Lakini chini ya zote mbili alikuwa Kaimu, anaigiza. Mtu mmoja amekula vinywa vya watatu.

Yunusi pale chini akageuza kichwa polepole, akamtazama shemeji yake.

Na Mwanaheri akakumbuka harusi ya juzi, ya jirani yao Kulthumu. Moyo ukamwanguka puu, kama lile jembe.

Saturnini ni Mngoni wa Songea, Kaimu ni Mmwera, na Mngoni kwa Mmwera ni mtani. Tangu vita vya mababu ni hivyo. Mtani atakutukana na hukasiriki. Atakunyang'anya kofia, utaikomboa huku unacheka. Ukifa, yeye ndiye mchimba kaburi, yeye ndiye atakayelala juu ya jeneza azuie maiti mpaka wafiwa watoe chochote.

Basi kwenye harusi ya Kulthumu, Saturnini alisimama katikati ya watu akamnyooshea Kaimu kidole.

"Sikieni! Huyu mla mizizi ya ming'oko ameuza mdomo wake kwa mgeni wa Dar! Nimemwona kwa macho akitoka kule nyumba ya wageni. Amebaki na meno tu! Shemeji Mwanaheri, chunga, maneno yako nayo yamo kapuni!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mwanaheri.

"Kamwambie nyanya yako, mlevi wa komoni we!" alimjibu, akammwagia maji ya kunawia.

Saturnini alisimama palepale, maji yanamchuruzika usoni, anamtazama. Hakujifuta. Kisha akasema, taratibu, "Haya, shemeji. Nimekwisha sema."

Nani husikiliza neno la mtani? Saturnini angemwita pembeni amwambie kwa uso mkavu, angeitwa mvunja nyumba za watu. Akapita njia pekee aliyokuwa nayo. Akamwambia kweli tupu mbele ya harusi nzima, naye Mwanaheri akamlipa maji ya kunawia.

Turudi kiwanjani.

Yunusi amesimama. "Kaimu."

"Shemeji, nimeibiwa..."

"Uliniibia mimi. Ile sauti ya mzee ni yangu. Mashine imejuaje kukohoa kama mimi?"

Watu waliokaa karibu wakasogea.

"Kesho ndege inaondoka," akaendelea Yunusi. "Mgeni wa Dar anaondoka na mashine yake na utepe wake wenye sauti. Picha hii itazunguka Lindi, itazunguka Masasi, mpaka kwao Saturnini Songea, na sisi tutakuwa tumekaa nyumbani tunapiga nzi. Tuliapa, Kaimu! Ulishika msahafu!"

Kaimu akaona watu wanamgeukia. Macho yakamtembea, kulia, kushoto, kama panya kwenye moto wa shamba. Kisha yakatua upande wa wanawake. Jamani, mwanamume akifikwa na maji ya shingo humkanyaga aliye karibu.

"Mimi peke yangu?" akasema kwa sauti kubwa. "Maneno yale si yangu! Mwulize dada yako! Yeye ndiye aliyetunga! Alhamisi hii hii, na mgomo umekwisha anza! Mwulizeni kama nasema uongo!"

Kiwanja kikageuka. Macho yote kwa Mwanaheri.

"Dada," Yunusi akasema. "Kweli?"

Swaumu anasema mkono wa Mwanaheri ulikuwa baridi kama samaki.

Angesema nini? Kwamba aliambiwa ni akiba? Kwamba alidhani mgomo ni wa midomo tu? Maneno yote aliyowatungia wengine, la kwake mwenyewe halikuja.

"Kweli," akasema. "Nilitunga mimi."

Yunusi hakumtukana. Afadhali angemtukana! Akaketi chini palepale alipokuwa, akampa mgongo.

Na kipaza sauti, wala hakina habari, kikaendelea kuchekesha watu.

Hapo Saturnini akanyanyuka.

Akavua koti lake. Akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sanda. Akatembea kuelekea kwenye gari, uso umemkunjamana kwa majonzi, na kila hatua anatikisa kichwa.

"Ole wangu!" akaita. "Ole wangu, mtani wangu Kaimu amefariki!"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka.

"Niko hapa, mshenzi we!" Kaimu akafoka.

"Mwaona? Mzimu wake unatukana! Mtu sauti yake ikiwa huku na mdomo wake uko kule, huyo mzima? Amekufa! Na maiti ya Mmwera, nani wa kuizika?"

"Mtani!" wakaitikia watu kwa pamoja.

"Nani wa kuizuia?"

"Mtani!"

Akina mama wakaingia kwenye mchezo, mikono kichwani, wakaomboleza vilio vya uongo, "Yuuwi, Kaimu wetu! Katuachia sauti tu!" Hata waliokuwa wamejitwisha makopo waende zao wakayatua.

Bwana Picha alikuwa amesimama kando ya mashine na mgeni wake wa Dar. Hakujua utani wala nini. Akadhani watu wamefurahia picha, na huyu ni mchekeshaji wa kienyeji anayenogesha. Akacheka, akapiga makofi, tena akampisha njia!

Saturnini akapiga goti mbele ya mashine, akainama kwa heshima zote za msibani, akanyoosha mkono.

Sauti ya Kaimu ikakatika katikati ya neno.

Gurudumu la bati, lenye utepe wote, likaingia ndani ya koti. Saturnini akalikumbatia kifuani kama maiti ya mtoto mchanga, akajitosa katikati ya wanawake wanaolia na kucheka, akapita mbele ya Mwanaheri na kuinama.

"Mfiwa ni wewe, shemeji," akanong'ona. Hapo hakuwa na utani hata chembe. "Sauti ni yake. Maneno ni yako. Kilicho chako kichukue."

Kitu kizito kikamwangukia mapajani. Mwanaheri akakifunika na kanga kabla hajajua anafanya nini.

Koti likaendelea na safari yake, limekumbatiwa vilevile, tupu. Lilipofika mwisho wa umati, Saturnini akalivaa, akatoka mbio kuelekea njia ya Ruangwa.

Mgeni wa Dar ndiye aliyegundua kwanza. Akapapasa mashine. Akapayuka Kizungu. Makofi ya Bwana Picha yakafia hewani.

"Nani amechukua? Nani?" akafoka Bwana Picha, na askari wakasogea.

Kimya. Wote walimwona. Hakuna ambaye hakumwona. Lakini alichochukua mtani si wizi. Utakikomboa kwa kuku au kwa kucheka, na jambo limekwisha. Tangu Nachingwea iwe Nachingwea, hakuna Mmwera aliyewahi kumpeleka mtani wake serikalini.

"Ni Saturnini," akasema Kaimu. "Ameiba. Na aliyemtuma ni Yunusi."

Swaumu aliniambia, na mpaka leo akifika hapo ungo unasimama mkononi, kwamba hata jenereta lilisikika kama limepunguza sauti.

Mzee Shaibu akasogea mbele. "Kaimu, mwanangu. Unamshtaki mtani?"

"Nawashtaki wezi."

"Unamtaja mtani kwa askari? Na shemeji yako juu yake?" Mzee akavaa kofia yake. "Basi Saturnini alisema kweli. Tumetoka kuzika."

Akageuka akaenda zake, na watu wakamfuata, makundi kwa makundi, bila kuaga.

Saturnini alikuwa ameshapotea. Yunusi hakukimbia. Askari walimkuta ameketi palepale kwenye nafasi yake ya mgomo, wakamwinua kwa kwapa.

"Gurudumu likirudi kabla ya ndege kuruka, huyu atatoka," askari mmoja akatangaza. "Lisiporudi, anakwenda Lindi kwa hakimu."

Mwanaheri aliyasikia hayo akiwa amekunja miguu, kanga imetanda, na gurudumu lenyewe linamchoma mapaja kama kaa la moto.

Nyumbani Kaimu alimkuta amekwisha songa ugali. Akanawa. Akala, peke yake. Kisha akaja na ile sauti yake laini, ile ya kipaza sauti.

"Mama Zaitun. Nilimwona Saturnini akiinama mbele yako."

"Aliinama mbele ya kila mtu."

"Nipe, mke wangu. Nikilipeleka sasa hivi kaka yako atalala kwake."

"Kaka yangu uliyemtaja wewe?"

"Nitamtoa mimi."

"Kumtia ndani wewe, kumtoa wewe. Umekuwa serikali?"

Kisha akachuchumaa karibu naye.

"Sikiliza. Dar es Salaam wanatafuta wasemaji wa redio. Mgeni ameipenda sauti yangu. Kesho nitapanda naye ndege. Ndege, Mwanaheri! Mimi, mtoto wa Nambilanje!"

"Tutapanda."

"Nini?"

"Umesema nitapanda, hukusema tutapanda. Mimi na Zaitun je?"

Zaitun, binti yao, alikuwa kwa bibi yake kijijini. Kaimu akatazama moto.

"Nafasi ni ya mtu mmoja. Nikishatulia nitawaita."

"Na huko redioni utasema nini? Nani atakutungia?"

Hapo, wasomaji wangu, Kaimu alitabasamu. Hakutabasamu kwa ubaya. Ndicho kilichomvunja mkewe moyo.

"Nina hadithi zako za miaka yote," akasema. "Ziko kichwani. Za sungura, za mkwe, za yule bibi na fisi. Nimempa mgeni mfano, amecheka mpaka amelia. Nikamwambia nimezitunga mwenyewe, maana ningesema mwanamke asingenichukua. Lakini anataka utepe aupeleke kwa wakubwa zake. Bila utepe ameniambia wazi, hanibebi. Basi nipe, Mama Zaitun. Kwani ni chako? Ni maneno tu. Utatunga mengine."

Mwanaheri akamtazama mtu aliyelala naye mkeka mmoja tangu usichana.

"Sina," akasema.

Kaimu akapekua. Akainua mkeka, akamwaga mahindi ya mbegu, akatia mkono kwenye mtungi wa maji mpaka begani. Alipotaka kugusa mfuko wa unga, mlango ukabishwa.

Ni Swaumu. Alisimama kizingitini, wala hakumsalimu mwenye nyumba.

"Nimepita pale polisi. Yunusi naye alimwona Saturnini akiinama, kanipa maneno kupitia dirishani." Akashika mwimo wa mlango. "Kasema: Mwambie asilirudishe. Hata wakinipeleka Lindi, asilirudishe."

"Kasema hayo tu?" Mwanaheri akauliza.

Swaumu akatazama chini.

"Sema, mwenzangu."

"Kasema na jingine. Kasema nisikuite dada yake."

Akaondoka. Kaimu akacheka puani.

"Waona? Unamwonea uchungu mtu aliyekukana. Alfajiri nitaamka kuchemsha maji ya kutawadha, na wewe utakuwa umekwisha fikiri. Utanipa. Nakujua." Akajinyoosha. Haukupita muda akaanza kukoroma, mdomo wazi.

Mwanaheri akatia mkono kwenye mfuko wa unga. Gurudumu likatoka jeupe, kama mtu aliyepakwa dawa.

Akaliweka magotini. Akikaa nalo, Kaimu atalipata, kwa maneno au kwa nguvu, na saa nne ndege itaruka nalo. Akilirudisha, kaka yake atatoka ndani na hatakuwa na kazi ya kurudia. Asipolirudisha, Yunusi ataenda Lindi, na jina la dada halitarudi vilevile. Kila njia aliyoitazama ilikuwa na mtu wake amelala katikati.

Akavuta ncha ya utepe. Mwembamba, mwepesi, hauna hata harufu. Humo ndani mna kikongwe wake, mna mvivu, mna kicheko chake mwenyewe cha pale kinuni.

Akautia motoni.

Uliungua upesi, ukajikunja kama mnyoo, ukatoa moshi mchungu uliomtoa machozi. Angalau alipata kisingizio cha kulia. Alilisha moto mpaka mwisho, unyuzi kwa unyuzi. Kisha akalitupia gurudumu tupu mlemle, akafukia jivu, akajifunika kanga, akageukia ukuta. Aliyepiga mchi mchana kutwa na kuzika jioni hakawii; usingizi ukamchukua.

Gurudumu la bati lilibaki ndani ya jivu, zima, halikuungua. Na katika nyumba ile, siku zote, anayeamka kwanza kuchochea moto ni Kaimu.